Uwiano: Tunazidisha, Hatujumlishi

Ndugu wasikilizaji, tuanze na ndoo ya rangi. Fundi amechanganya lita 2 za buluu na lita 3 za njano, akapata kijani anachokitaka. Sasa ana lita 6 za buluu. Njano aweke ngapi?

Wanafunzi wengi hujibu 7. Hoja yao ni kwamba buluu imeongezeka kwa 4, basi na njano iongezwe 4. Hoja hiyo inaonekana ya haki kabisa, ndiyo maana ni ngumu kung'oka, na kumwambia mtoto "umekosa" hakumsaidii. Mwambieni apime. Mwanzoni kila lita 1 ya buluu ilipata lita 1.5 za njano. Kwa 6 na 7, kila lita ya buluu inapata lita 1.17 hivi, kwa hiyo kijani kitaegemea buluu. Buluu imekuwa mara 3 ya ilivyokuwa. Njano nayo iwe mara 3, yaani lita 9.

Ndoo hiyohiyo ina mtego mwingine. Uwiano wa 2:3 haumaanishi kwamba buluu ni 2/3 ya mchanganyiko. Sehemu zote ni 5, kwa hiyo buluu ni 2/5. Ukitaka lita 20 za kijani, gawanya 20 kwa 5 upate lita 4 kwa kila sehemu: buluu 8, njano 12. Na vipimo vifanane kabla ya kulinganisha: sentimita 50 kwa mita 2 ni 1:4, wala si 25:1.

Sasa niombe jambo moja kwa walimu: msikimbilie kuzidisha kimsalaba, yaani kuandika 2/3 = 6/?, kisha kuzidisha 3 kwa 6 na kugawanya kwa 2. Kanuni hiyo ni sahihi, ila haimwambii mwanafunzi kama mahali hapo panaifaa. Tuseme tangi tayari lina lita 10, na bomba linaongeza lita 5 kila dakika. Baada ya dakika 2 lina lita 20. Baada ya dakika 4 je? Anayezidisha kimsalaba atasema 40, kumbe ni 30. Gawanyeni lita kwa dakika: 20 kwa 2 ni 10, 30 kwa 4 ni 7.5. Majibu hayalingani, basi hapo hakuna uwiano sawa. Grafu yake ni mstari ulionyooka, lakini haupiti kwenye sifuri, na mstari kunyooka peke yake hakutoshi.

Wafanyakazi 6 wanamaliza kazi kwa siku 8. Wakiwa 12, wenye kasi ileile, watatumia siku ngapi? Kimsalaba kinatoa 16: watu wameongezwa maradufu, na kazi imechelewa! Huu ni uwiano kinyume. Kisichobadilika hapa ni zao la kuzidisha watu kwa siku, 6 × 8 = 48, kwa hiyo 48 ÷ 12 ni siku 4.

Nimalizie na ukuzaji, maana hapa hata watu wazima huteleza. Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297. Ukiiambia mashine ya kunakili ikuze kwa asilimia 200, unahitaji karatasi ya 420 kwa 594, ambayo ni A2, yenye eneo mara 4. Kupata A3, yenye eneo mara 2 tu, unaweka asilimia 141, kwa kuwa 1.41 × 1.41 ni karibu 2. Urefu ukizidishwa kwa k, eneo huzidishwa kwa k mara k, na ujazo kwa k mara k mara k. Kwa hiyo tangi ambalo urefu, upana na kina chake vyote vimefanywa maradufu linabeba maji mara 8, ilhali kitako chake kimekua mara 4 tu. Likijaa, kila mita ya mraba ya sakafu chini yake inabeba maji yenye uzito mara 2 ya ule wa awali.