Linux ipi ikulinde? Tuchague pamoja, hatua kwa hatua

Habari za wakati huu, ndugu mtazamaji. Kabla hujamaliza bando kwa kupakua Linux yoyote, yaani mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, chukua kalamu uandike jambo moja: unamficha nani, asione nini? Ni mwizi wa laptopu kwenye daladala? Ni kampuni ya intaneti inayoona tovuti unazofungua? Au wewe ni mwandishi wa habari na kuna mtu amekukabidhi siri yake? Jibu lako ndilo litakalochagua mfumo.

Kama hofu yako ni mwizi, Linux Mint inakutosha. Pakua faili la ISO, lile lenye mfumo mzima wa kusakinisha, kwenye tovuti ya Mint yenyewe, usilichukue kwenye kundi la WhatsApp. Likishashuka, likague. Hapa naomba usiruke. Mwezi Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti hiyo hiyo ya Mint wakawaelekeza watu kwenye ISO waliyoichezea, yenye programu ya kuwafungulia kompyuta ya mtu. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Utatoka mstari wa herufi na tarakimu, jumla 64, ambao ni alama ya faili hilo. Ulinganishe na ule ulio kwenye tovuti. Ikitofautiana hata herufi moja, futa faili, pakua upya. Na kwa kuwa aliyeiteka tovuti anaweza kubadilisha hata namba hizo, jifunze pia kukagua saini ya GPG, yaani saini ya kidijitali ya watengenezaji.

Hamisha picha na kazi zako kwanza, maana usakinishaji utafuta diski. Ukifika kwenye ukurasa unaouliza kama diski ifutwe, fungua vipengele vya ziada, uchague kusimba diski nzima, yaani kuifanya isisomeke bila nywila. Wengi hupita hapa mbiombio, na kuja kuirekebisha baadaye mara nyingi ni kusakinisha upya. Weka nywila ndefu, ya maneno matano au sita yasiyohusiana. Ukiisahau, hakuna fundi wa kukufungulia. Jambo jingine ambalo watu hawaambiwi: usimbaji hulinda kompyuta iliyozimwa. Ukifunga kifuniko tu ikalala, ufunguo bado umo kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Ukitoka nyumbani, izime kabisa.

Ila Mint haimzuii mtoa intaneti kuona unakokwenda. Kwa hilo kuna Tails. Hii huisakinishi kwenye diski. Unaiweka kwenye flashi ya GB 8 au zaidi, unawasha kompyuta kupitia flashi hiyo, na mawasiliano yote ya intaneti yanapitia Tor, mtandao unaoficha wewe ni nani na unakokwenda. Ukizima, haibakizi kitu kwenye kompyuta. Edward Snowden, aliyefichua siri za ujasusi wa Marekani, na waandishi waliofanya naye kazi mwaka 2013 waliitumia. Lakini sikiliza vizuri: ukiingia kwenye akaunti yako ya Facebook ndani ya Tails, umeshajitaja jina. Vilevile, kama mwenye kompyuta ya kukodi amechomeka kifaa cha kunasa unachochapa kwenye kibodi, Tails haiwezi kukiona.

Qubes OS hugawa kazi zako katika vyumba visivyoonana, benki huku, barua pepe kule, ili virusi vya chumba kimoja visivuke kwenda kingine. Naipenda sana, ila inashauriwa uwe na RAM ya GB 16, na kompyuta nyingi tulizo nazo hazifiki huko. Kali, Linux nyingine utakayoisikia, usiichukue kwa kazi hii. Imetengenezwa kwa wanaopima usalama wa mifumo, na watengenezaji wake wenyewe hawaishauri kwa anayeanza Linux.

Kwa waliochagua Tails, sasa chomeka flashi, washa kompyuta ukibonyeza F12 au Esc, kutegemea aina yake, uchague flashi. Siku ya dharura ukiichomoa ghafla, Tails inajizima yenyewe na kufuta RAM. Siku za kawaida zima taratibu, hasa kama umeweka hifadhi ya kudumu ndani yake, maana kuchomoa kunaweza kuiharibu.