Panya wa Morogoro na mabomu ya Msumbiji

Ndugu zangu, naanza na panya, na naomba msicheke mapema. Panya buku, huyu huyu ambaye nyumbani tukimwona tunakimbilia fimbo, hapa Morogoro anasomeshwa. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linamfundisha kunusa TNT, ile baruti iliyomo ndani ya bomu la kutegwa ardhini. Akipatia anapewa ndizi. Akifaulu mtihani anapanda ndege, wakati wengine wetu hapa hata Dodoma tunakwenda kwa basi.

Kwa nini panya? Kifaa cha kutafuta chuma kinalia kwa kila kitu: msumari, kizibo cha soda, ganda la risasi. Kila kikilia, mtu anapiga magoti na kuchimbua polepole kana kwamba ni bomu. Eneo la ukubwa wa kiwanja cha tenisi linaweza kumla siku nne. Panya hana habari na chuma. Analimaliza kwa nusu saa, na uzito wake ni mdogo mno kulipua bomu.

Msumbiji wanamfahamu vizuri. Kule Wareno walitega mabomu kuwazuia wapigania uhuru, kisha, baada ya uhuru, chama tawala cha Frelimo na waasi wa Renamo wakategeana. Amani ilitiwa saini Roma mwaka 1992, ila bomu halikualikwa. Tunahesabu miguu iliyokatika, na ni haki. Mimi nasema tuhesabu na mashamba. Uvumi tu wa bomu moja unatosha watu kulihama bonde lenye rutuba wakalime kwenye mawe, na hao hawamo katika hesabu ya majeruhi. Msumbiji ilitangazwa kuwa safi Septemba 2015. Piga hesabu: karibu miaka 23.

Mkataba wa Ottawa wa 1997 unakataza mabomu ya ardhini ya kudhuru watu: kuyatumia, kuyaunda, kuyahifadhi na kuyauza. Marekani, Urusi na China hazijaingia. Mwaka 2025 Estonia, Latvia, Lithuania, Finland na Poland ziliamua kujitoa, zikiihofia Urusi. Hofu yao naielewa. Lakini mkulima atakayeirithi ardhi ile hakuulizwa.

Naona kijana ameinua mkono muda mrefu, anauliza kama panya hawa hustaafu. Ndiyo, hustaafu! Panya mmoja aitwaye Magawa, mzaliwa wa hapa Tanzania, aligundua mabomu ya ardhini 71 huko Kambodia, akavishwa nishani ya dhahabu mwaka 2020, akapumzishwa mwaka uliofuata.