Kabla hujahamisha AC kwenda kwenye turbo, fungua intakula kwanza

Habari zenu watazamaji, karibuni tena gereji. Leo tuna Hilux ya dizeli, injini 1KD, lita 3. Mwenye gari anasema akipanda mlima wa Kitonga na mzigo, gari linakata nguvu na kutoa moshi mweusi. Anaomba tuchukue ubaridi wa AC tuupeleke kwenye hewa ya injini.

Si wazo la kijinga. Turbo ikishindilia hewa, hewa inachemka, inaweza kupita nyuzi 120. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo dizeli inakosa hewa ya kuungua nayo. Ukiishusha kutoka nyuzi 60 hadi 30, ujazo uleule unabeba hewa zaidi kwa karibu asilimia 10.

Tuanze na kipimo. Chomeka skana, kile kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, tafuta joto la hewa baada ya intakula (intercooler, kipoza hewa kilichopo kati ya turbo na injini), kisha uendeshe barabarani. Hapa tumesoma 71, nje ni 31. Tofauti ya 40 ni kubwa mno. Mimi kwenye barabara tambarare naridhika na 20 hivi.

Zima, acha ipoe. Kwenye Hilux hii intakula imelala juu ya injini, chini ya tundu la boneti. Legeza bana za mipira miwili, toa bolti, inyanyue. Midomo ya mabomba iliyobaki wazi izibe kwa vitambaa, na uvihesabu. Niliwahi kusahau kimoja, sitaki kukumbuka siku ile.

Angalia ndani. Utando mwembamba wa oili ni kawaida. Ukiinamisha ikamwagika kama chai, basi turbo au bomba la kupumulia la injini lina tatizo, shughulikia hilo kwanza. Suuza ndani kwa mafuta ya taa, kisha maji ya sabuni, halafu ikaushe kabisa, ikibidi ilale juani mpaka kesho. Mafuta yakibaki humo dizeli itayavuta na kuyachoma, na injini inaweza kukimbia yenyewe ukiwa umeshatoa ufunguo.

Nje, toa vumbi kwa maji ya presha ndogo, ukitokea upande wa ndani. Mapezi, yaani vibati vyembamba vya kupozea, yaliyolala yanyooshe kwa kitu cha plastiki, taratibu.

Sasa tuitafute inapovuja. Ziba upande mmoja, ingiza upepo wa bar 1, paka povu la sabuni kwenye maungio. Oneni hapa kwenye kona, povu linachemka. Hii ndiyo iliyokuwa inakula nguvu. Tumeichomelea.

Kabla ya kurudisha, tazama sponji inayozunguka tundu la boneti. Kwenye gari hili haipo, kwa hiyo upepo ulikuwa unapita pembeni badala ya kupita kwenye mapezi. Sponji ni kitu cha bei ndogo, na wengi wanaitupa.

Na AC je? Hesabu ni hii: kwenye mlima injini hii inameza kama gramu 150 za hewa kila sekunde. Kuipunguzia nyuzi 40 kunadai karibu kilowati 6. AC nzima ya gari dogo inatoa kama 5, na kompresa yake inazungushwa na mkanda wa injini hiyohiyo inayohangaika. Dodge Demon ya 2018, gari la Kimarekani la mbio fupi, ilielekeza gesi ya AC kupoza maji ya intakula, lakini ile ni ya petroli na mbio zake ni za sekunde chache. Kitonga ni dakika nyingi. Ukiwa mbishi, tumia intakula ya maji yenye tangi, AC iyapoze ukiwa tambarare, uyatumie unapo-overteki. Usiweke evaporeta, kile kipoza hewa cha AC, kwenye njia ya hewa kabla ya turbo. Itaganda barafu na kubana hewa, na pezi likichomoka linaingia kwenye feni ya turbo.

Funga, kaza bana, rudi barabarani. Skana inasoma 52. AC tunamwachia apoe mwenyewe.