Panya Anapuliza Ipi?

ZUHURA: Karibuni tena jamani, leo mwenzangu kaja kakunja uso, nyie mnaomjua mtaelewa.

KASSIM: Siku nne dada! Siku nne nafungua bomba linakohoa hewa tu, nimepandisha madumu hadi ghorofa ya tatu, mgongo sina. Nikamkumbuka Thales, mwanafalsafa wa Kigiriki, mzee wa Mileto, karne ya 6 KK, anakwambia asili ya kila kitu ni maji. Aje kwangu aone.

ZUHURA: Na dunia yenyewe eti inaelea juu ya maji kama gogo. Mileto kwa leo ni Uturuki lakini, watu wasije kwenye komenti.

KASSIM: Sasa kuna wa mji huohuo, Anaximenes, akasema hapana, asili ni hewa. Nikasema huyu ndo wa bomba langu. Hewa ikikazwa inakuwa upepo, wingu, maji, udongo, mpaka jiwe. Ikilegezwa inakuwa moto. Na ushahidi anao! Weka kiganja mdomoni, fungua mdomo wote, haaa.

ZUHURA: Haaa. Joto.

KASSIM: Kaza midomo, fyuuu.

ZUHURA: Fyuuu. Baridi. Ngoja, panya je?

KASSIM: Panya gani?

ZUHURA: Si wanasema anauma huku anapuliza? Anapuliza ipi?

KASSIM: Fyuu, anakupoza usisikie.

ZUHURA: We ukipozwa usingizini huamki? Ni haa hiyo, inabembeleza.

KASSIM: Panya midomo ya kufanya haa anaitoa wapi?

ZUHURA: Na ya fyuu je? (wanacheka) Haya tuache. Ila huyo mtu wako kakosea Kassim. Ukikaza midomo, upepo unakokota hewa ya nje iliyopoa, ndo unasikia baridi. Aristotle mwenyewe alishamkosoa hivyohivyo. Na we una baiskeli, ukijaza upepo pampu inakuwaje pale chini?

KASSIM: Inachoma.

ZUHURA: Hewa si umeikaza? Mbona haijapoa?

KASSIM: Sawa kakosea, ila kakupa kitu unapima kwenye kiganja chako mwenyewe, ndo maana we leo unaweza kumkosoa, Thales na gogo lake unampimia wapi?

ZUHURA: Kapima kimoja kilichomkubali, akaishia hapo. Hiyo ni kujitafutia shahidi.

KASSIM: Pampu ya baiskeli angeitoa wapi dada, Mileto ile?

ZUHURA: Sijasema pampu, nasema angejiuliza tu hewa iliyo mbele ya mdomo inaenda wapi.

KASSIM: Unamdai sana.

ZUHURA: Na wewe unamsamehe sana, kisa bomba lako. Chai yenyewe unapuliza miaka yote, ulishawahi kujiuliza?

KASSIM: ...Hapo bado sijakubali.

ZUHURA: Usikubali. Mimi pia sishuki.

KASSIM: Basi. Tulikuwa na mafunzo matatu leo, la kwanza...

ZUHURA: Dakika mbili zimebaki.

KASSIM: Mbili! Na Empedocles wa Sicily sijamgusa, yule wa moto, hewa, maji na udongo, vinaunganishwa na upendo vinatenganishwa na ugomvi. Na Democritus na atomu zake.

ZUHURA: Wiki ijayo.

KASSIM: Wiki iliyopita ulisema hivyohivyo.

ZUHURA: Nikapate chai mie. Fyuu, wapendwa.

KASSIM: Haa, ulisema panya ni haa!

ZUHURA: Panya ndiyo. Chai ni fyuu.