Swali la Dodoso Huharibikia Wapi

Habari za mchana. Leo nakaa kwenye jambo moja tu, swali la dodoso, yaani la fomu ya maswali ya utafiti, kwa sababu takwimu ikishatoka kwenye swali bovu hakuna programu ya kompyuta itakayoiponya.

Chukueni hili, halikosekani kwenye rasimu za wanafunzi: "Je, kaya yako inatumia maji safi na salama?" Mama atajibu "ndiyo". Nani atakubali mbele ya mgeni mwenye kalamu kwamba anawanywesha wanawe maji machafu? Halafu safi na salama ni mambo mawili. Maji ya kisima yanaweza kumeremeta na bado yakabeba vimelea. Na kutumia ni kufanyia nini, kunywa au kufulia?

Tulivunje. Kwanza: "Maji ya kunywa ya kaya hii, hasa mnayapata wapi?" Mdadisi, yaani anayeuliza maswali, asisome orodha ya majibu. Asikilize, kisha azungushe namba ya jibu: bomba la nyumbani, bomba la jirani, kioski, boza, kisima kilichojengewa, kisima cha wazi, mto. Pili: "Kwenda, kuchota na kurudi, pamoja na foleni, huchukua dakika ngapi?" Bila neno foleni mtapewa muda wa kutembea tu, na kipimo cha WHO na UNICEF cha huduma ya msingi ya maji ni dakika zisizozidi 30, zote kwa pamoja. Tatu: "Huwa mnayafanyia chochote kabla ya kuyanywa?" Akisema ndiyo, muulize wanafanya nini, na hapo nyamaza umsubiri. Ukidakia "mnachemsha, siyo?" umeshajijibu mwenyewe.

Muda nao una mitego yake. "Siku hizi" na "mara kwa mara" futeni. Tafiti za afya za kaya huuliza kuhara kwa mtoto katika wiki 2 zilizopita. Ukiuliza mwaka mzima, mama atakumbuka safari ile mtoto alipolazwa, na zile za kupona nyumbani zitapotea. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilishika usiku mmoja, wa kuamkia tarehe 23 Agosti: nani alilala hapa? Ndivyo msafiri anavyoepuka kuhesabiwa huku na kule. Na saa mbili iandikwe asubuhi au usiku, tafadhali.

"Sijui" ipewe namba yake, tuseme 98, na aliyekataa kujibu apewe 99. Ukizichanganya hutajua kama swali ni gumu au linaaibisha.

Kisha jaribuni kwenye kaya 10 au 15 nje ya eneo la utafiti. Baada ya jibu, mwombe mhojiwa alirudie swali kwa maneno yake. Mdadisi akilazimika kulifafanua, kila mmoja atalifafanua kivyake, nanyi mtakuwa na madodoso mengi kuliko mlivyopanga. Liandikeni upya kabla ya kuchapa nakala.