Likizo, mahindi ya mama na swali la nne

ZUHURA: Haya karibuni tena jamani, ni sisi walewale, walimu wenu wawili wa chuo, matokeo yameshapelekwa, chuo kimetulia.

ELIA: Vimbweta vya kusomea nje vitupu, leo nimepita pale nimekuta kuku tu. Sasa tuliahidi maswali matatu ya kujiuliza kuhusu kozi zetu kabla Oktoba haijafika. Ila kwanza pole na safari dada, Lushoto kulikuwaje?

ZUHURA: Baridi! Yaani nilibeba laptopu, kozi autlaini na lile faili la maoni ya wanafunzi, nikasema nikifika nitatulia niipitie kozi. Nililala siku mbili. Naamka, nakula viazi, narudi kulala, mama akawa anakuja kunigusa paji la uso akidhani ni malaria.

ELIA: Skripti hizo za mtihani.

ZUHURA: Skripti 186, halafu ujumlishe CA, zile alama 40 za kazi za muhula, na UE, 60 za mtihani wa mwisho, uhakiki tena, usije ukampeleka mtoto wa watu supu, arudie mtihani kwa kosa la hesabu. Siku ya tatu mama akaniwekea ungo na mahindi makavu, akasema pukuchua.

ELIA: Ulisugua kwa gunzi?

ZUHURA: Kidole gumba! Unatoa mstari mmoja kwanza toka juu mpaka chini, huo ndo mgumu hasa, ukishatoka hiyo mingine unaisukuma na kiganja inaangukia pale palipo wazi.

ELIA: Sisi Songea tunajaza kwenye gunia tunapiga na fimbo.

ZUHURA: Mnavunja punje!

ELIA: Sasa gunia 10 utamaliza lini na kidole?

ZUHURA: Mama hana gunia 10, ana debe mbili na mazungumzo mengi. Angalia, lengelenge hili hapa.

ELIA: Aisee. Fimbo, dada. Fimbo.

ZUHURA: [anacheka] Basi nikiwa napukuchua, siwazi chochote, likanijia swali la nne la ule mtihani. La sampuli, ambalo karibu darasa zima liliruka. Nikaona kabisa, mimi wiki ya 3 niliwapa fomula kabla hawajashika data yoyote kwa mikono yao, wakawa wanahesabu kitu wasichokiona.

ELIA: Kwa hiyo ule mstari wa kwanza...

ZUHURA: Hapana Elia, usiyageuze mahindi kuwa somo. Yalikuwa mahindi.

ELIA: Sawa. Ila hilo swali ungeliandika wiki ileile ya kusahihisha. Mimi mwaka juzi sikuandika, Oktoba ikafika nikafundisha vilevile na wakapotea palepale.

ZUHURA: Niliandika! Nimefungua daftari nikakuta “hawasomi, hawajali”. Basi. Hiyo sio tafakari kaka'angu, huo ni uchovu umeshika kalamu.

ELIA: Andika namba ya swali tu, hasira iache.

ZUHURA: Huwezi kuiacha ukiwa umechoka. Lala kwanza, litakuja.

ELIA: Lilikuja kwa sababu ulikuwa kwa mama. Yule anayefundisha patitaimu vyuo viwili, ana watoto, likizo yake yote ni kushughulikia mitaala ya watu, hana siku mbili za kulala. Huyo akisubiri lije lenyewe haliji.

ZUHURA: Huyo ndo hasa siwezi kumwongezea daftari!

ELIA: Mistari miwili?

ZUHURA: Hata mmoja. Anaona ameshindwa kupumzika na ameshindwa kuandika pia.

ELIA: Na wanafunzi wake wa Oktoba je? Nao wana haki.

ZUHURA: Wana haki ya mwalimu aliyelala.

ELIA: Hapo sikubaliani na wewe.

ZUHURA: Na mimi hapo sitoki.

[kimya]

ELIA: ...Fundi mitambo anatuonyesha vidole viwili.

ZUHURA: Dakika mbili? Na maswali matatu?

ELIA: Ninayo hapa, nilisome hata la kwanza?

ZUHURA: Tutayakimbiza, tuyaache tu. Halafu mama kakutumia mahindi, yako kwenye gari.

ELIA: Mungu ambariki! Yameshapukuchuliwa?

ZUHURA: Nusu.

ELIA: Natafuta fimbo.

ZUHURA: Elia! Kidole!