Hii saumu ya ICU kaifaradhisha nani? Mgonjwa wa figo na protini yake

(Mhadhara kwa wauguzi na matabibu, Chake Chake, Pemba)

Assalamu alaykum jamani. Haya, nimeambiwa nna dakika arubaini, na wanaonijua wanajua mie nikianza na protini mambo mengine yanabaki njiani, kwa hiyo mkiniona nakwenda mbio mwishoni msinung'unike. Figo inafanya kazi gani sitoeleza, nyote mumesoma. Nimefuata jambo moja tu, nimelisema Unguja mpaka watu wakiniona na mkoba wangu wanasema huyo Bi Protini kaja, na leo nimepanda boti nije nilisemee hapa.

Mgonjwa mahututi, figo zimesimama ghafla, yuko ICU, chumba cha mahututi, ana mpira wa puani wa kulishiwa, pengine anapumua kwa mashine, pengine na damu yake inasafishwa. Nafungua faili nakuta kumeandikwa: protini ipunguzwe, figo zipumzike. Sasa mie nauliza kila siku, nani kasema figo hizo zinapumzika ukimnyima mtu chakula?

Nikupeni kisa, na spitali siitaji. Baba mmoja mvuvi, kaumia mguu, kidonda kikaoza, sumu ikaingia kwenye damu, figo zikafunga, mkojo hakuna. Kawekwa ICU, anasafishwa damu siku moja ndani siku moja nje. Nimefika pale yuko zaidi ya wiki. Nauliza, huyu anakula nini? Naambiwa uji. Uji gani? Uji tu, mwepesi usije ukaziba mpira. Na maziwa? Hapana, dokta kasema protini asipewe. Yai? Aa, yai ndo kabisa. Kwenye chati ya chakula kuna vema tu, vema, vema, vema, utasema mtoto wa skuli kafaulu mtihani, hakuna hata pahala palipoandikwa ni kiasi gani kimeingia. Nje ya mlango kakaa mkewe na kikapu, kaleta supu ya changu kaichuja vizuri na kitambaa, karudishwa nayo jana, karudishwa nayo juzi. Akaniuliza, mwanangu, mume wangu anaumwa figo au kafungishwa saumu? Nikamwambia bi mkubwa, hebu ningoje hapo.

Tukapiga hesabu pale pale, mie na yule dada wa zamu. Kikombe cha robo lita cha uji mwepesi, unga wake ni gramu 20 hivi. Hiyo ni kalori 70 na protini gramu 2. Tia sukari vijiko viwili vya chai, tufanye kalori 100 kwa kikombe. Anapewa vikombe sita kwa siku, na hapo ni siku ambayo hakikurukwa hata kimoja, ambayo nyinyi na mie tunajua haipo. Jumla kalori 600, protini gramu 12. Mtu huyu ana kilo 60. Kwa kalori 25 kwa kilo anataka 1,500. Kwa protini gramu 1.3 kwa kilo anataka gramu 78. Anapata 12! Na hizo 12 bado hazijawa zake, kwa sababu kila anapofungwa kwenye mashine ya kusafisha damu zile chembechembe za protini zinazopita kwenye chujio ni kama gramu 6 mpaka 12 kwa mara moja. Yaani siku ya mashine uji wa kutwa nzima, nusu ya protini yake au yote imekwenda na maji machafu, na yeye kabakishiwa sukari. Yule dada akaweka kalamu chini akanitizama. Akasema lakini ana dripu ya sukari. Dripu ya sukari ya asilimia 5, lita nzima, ni kalori 170 na protini sifuri, na huyu hakojoi, hizo lita utazitia wapi?

Nakujueni, mnasema mwili una akiba. Akiba ipo, ni misuli yake. Mtu mwenye homa kali na vidonda mwili unafanya kama aliyekosa kuni akaanza kung'oa milango ya nyumba yake mwenyewe apikie. Kuna utafiti wa London uliochapishwa 2013, waliwapima wagonjwa wa ICU misuli ya paja, kwa siku 10 ilipungua karibu asilimia 18. Siku 10! Na misuli inayoliwa ni ya pajani, ni ya mikono, na ni ile ya kuvutia pumzi vilevile, halafu tunashangaa mbona kila tukijaribu kumtoa kwenye mashine ya kupumulia hapumui.

Sasa nnamsikia dokta mmoja pale anasema moyoni, lakini yurea, ile taka ya protini kwenye damu, itapanda. Ndio, itapanda kidogo, sikatai. Lakini hebu fahamu hapa, ukimnyima protini ya nje anakula ya ndani, na ya ndani ikivunjwa inatoa yurea ile ile, tena inatoka na potasiamu juu yake, madini yanayosimamisha moyo yakizidi. Kwa hiyo umemkondesha na yurea umeipata. Mashine ya kusafisha damu kazi yake nini, si kuondoa hiyo yurea? Mwongozo wa KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya figo, wa 2012 umesema waziwazi, usimpunguzie mgonjwa protini kwa nia ya kuepuka au kuchelewesha mashine. Asiye kwenye mashine na mwili wake haujichomi sana, gramu 0.8 mpaka 1 kwa kilo. Aliye kwenye mashine 1 mpaka 1.5. Wale wa mashine ya mfululizo usiku na mchana, na mwili unaungua, mpaka 1.7. Kalori 20 mpaka 30 kwa kilo. Hayo si maneno yangu, na hayakuanza jana.

Haya, na mazoea haya yametoka wapi? Yametoka kwa watu wenye akili zao, tusiwacheke. 1949 pale Hammersmith, London, daktari Bull na wenzake walikuwa wakiwalisha kwa mpira wagonjwa wasiokojoa, sukari gramu 400 na mafuta ya njugu gramu 100 kwa siku ndani ya lita moja ya maji, protini hakuna. Mashine ya kusafisha damu ya daktari Kolff ilishatengenezwa Uholanzi wakati wa vita lakini ilikuwa haipatikani kwa kila mtu, na hapo kuzuia sumu isijae ndo dawa pekee uliyonayo. Halafu miaka ya 1960 Wataliana wawili, Giordano na Giovannetti, wakaja na chakula cha protini kidogo kwa wagonjwa wa figo za muda mrefu. Na kwa mtu wa kliniki anayetembea kwa miguu yake, figo zinakwisha pole pole, hajafika kwenye mashine, kupunguza protini mpaka leo kuna nafasi yake. Tatizo letu tumemchukua yule wa kliniki tukamlaza kitanda kimoja na mahututi. Hawa si mtu mmoja jamani!

Na mwengine ataniambia, sisi mashine hatuna karibu, mgonjwa anangoja kusafirishwa. Sawa, basi asafirishwe, haraka, na anapongoja ale. Kumkaushia chakula ili yurea ipendeze kwenye karatasi ya rufaa si matibabu.

Ila msitoke hapa mkaanza kumimina. 2023 umechapishwa utafiti mkubwa, EFFORT, wagonjwa 1,300 na kitu wote wako kwenye mashine ya kupumulia, kundi moja gramu 2.2 kwa kilo na zaidi, jengine 1.2 na chini. Waliopewa nyingi hawakutoka mapema zaidi, na wale wenye figo zilizoumia ilionekana huenda iliwadhuru. Kwa hiyo mie si mtu wa nyama nyama nyama, wanaonisingizia nawasamehe. Anza kidogo ndani ya saa 48 akiwa presha imetulia, usingoje tumbo lipige ngoma, panda pole pole ufike kwenye kiasi siku ya nne au ya tano hivi.

Na kilo zipi? Huyu kavimba, kitanda chenye mizani kinasoma kilo 74. Hizo zilizozidi maji. Muulize mkewe kabla ya kuumwa alikuwa vipi, wake wanajua kuliko mizani.

Sasa unampa nini, maana najua makopo ya chakula maalumu cha figo bei yake inatosha kuolea. Mafuta ya kupikia kijiko kikubwa ni kalori 120, hayana potasiamu, hayana maji, tia kwenye uji ukoroge. Samaki wa kuchemsha gramu 100 ana protini 20 na zaidi, sagwa, chujwa vizuri, mchuzi wa kuchemshia mwaga maana una potasiamu. Yai la kuchemsha gramu 6, ute wake peke yake 3 na nusu na fosfeti kidogo sana, madini mengine ambayo figo zikisimama yanajaa. Yai bichi kwenye mpira sitaki kusikia, nimeliona, sitaki kusikia tena. Maziwa ya unga mazuri kwa protini ila yana potasiamu na fosfeti nyingi, tizama majibu ya maabara kwanza. Ukimaliza safisha mpira kwa maji kidogo, na hayo maji yahesabu, na chakula cha kusaga kisikae nje masaa.

Madafu! Jamaa zetu wanaingia na madafu mfukoni wanasema yanafungua mkojo. Kikombe kimoja kinaweza kuwa na potasiamu miligramu 600, na huyu hana pa kuitolea, moyo unasimama. Birimbi vilevile, juisi yake kule Kerala, India, iliwafunga watu figo waliokuwa wazima. Waelezeni ndugu kwa upole, msiwafokee mlangoni, na wapeni kitu cha kuleta, kama yule mama wa supu, tulimwambia alete samaki mwenyewe na supu waifaidi watoto nyumbani. Ila na nyinyi msikate potasiamu kwa mazoea, aliye kwenye mashine ya mfululizo mara nyingi potasiamu na fosfeti zinashuka mpaka anahitaji kuongezewa.

Naona Maalim ananionyesha saa. Mbio mbio. Aliyekaa siku nyingi bila chakula, ukimshindilia ghafla fosfeti, potasiamu na magnesiamu zinaanguka, kwa hiyo vitamini B1 kwanza, kalori 10 kwa kilo kuanzia, pima kila siku. Vitamini nyengine za kuyeyuka kwenye maji mashine inazichukua, hilo tutalizungumza siku nyengine inshallah.

La sukari mmeniuliza kabla sijapanda hapa, mbona inaanguka ghafla kwa mgonjwa wa insulini, na hili sikubali kuliruka. Figo ndo zinazosaidia kuitoa insulini, ile inayoshusha sukari, mwilini, zikisimama insulini inakaa zaidi. Sasa mgonjwa kapelekwa eksirei, mpira umefungwa, insulini imeachwa inatembea, kurudi kalegea mnasema kazidiwa. Sukari imeanguka! Chakula kikisimama kwa sababu yoyote, punguza au simamisha insulini na upime sukari kila saa mpaka kirudi. Haya, dada wa nyuma pale, uliza, sauti juu kidogo, feni hili linapiga kelele.